Songwe hadi Dar kwa ndege: kilomita ngapi na dakika ngapi hasa?

Mwanjelwa_Juu
Habari wakuu. Mama anatoka Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) kwenda Dar, na siku hiyohiyo anaunganisha ndege ya nje ya nchi. Tiketi ni mbili tofauti. Tovuti moja ya umbali inasema km 691, dakika 52. Tiketi yake inaonyesha kuondoka 11:40, kufika 13:05. Ndege ya nje inaondoka 16:00. Nishike hesabu ipi?

Dira_na_Ramani
Umbali huo ni sahihi, mkuu. Hakikisha mwenyewe: Songwe ipo nyuzi 8.92 kusini na 33.27 mashariki, Dar 6.88 na 39.20. Tofauti ya kusini-kaskazini ni nyuzi 2.04, zidisha kwa km 111.2 za kila nyuzi, unapata 227. Mashariki-magharibi ni 5.93 × 111.2 × 0.99 (nyuzi za upande huo hupungua kidogo ukitoka ikweta), yaani 653. Kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, tafuta kipeuo: 691. Barabara inazidi km 800 kwa sababu inazunguka Makambako, Iringa, Kitonga na Morogoro. Ndege inakata moja kwa moja, inaiacha Iringa mjini kushoto kidogo.

Panga_Boi
Tatizo ni hizo dakika 52. Tovuti imegawanya 691 kwa kasi ya km 800 kwa saa basi, kana kwamba ndege inaanza na kumaliza ikiwa kwenye kasi hiyo. Panga boi (ndege ya mapanga) aina ya Q400 hukata anga kwa km 650 hivi kwa saa, kwa hiyo hapo tayari ni dakika 64. Ongeza kama 10 za kupanda na kushuka, maana humo kasi ni ndogo, na 12 za ndege kutembea chini uwanjani pande zote mbili. Jumla 86, karibu kabisa na tiketi. Tiketi huhesabu tangu ndege inaachia maegesho hadi inasimama maegeshoni. Ndege ya jeti, Airbus A220, ingetumia saa 1 na robo hivi.

Mwanjelwa_Juu
Asanteni sana. Kwa hiyo saa 7 na dakika 5 mchana yupo Dar, na ana karibu saa tatu. Zinatosha?

Panga_Boi
Hapana, usimwache mama afanye hivyo. Kwa tiketi mbili, lazima achukue begi, atoke nje, aende jengo la tatu na kuandikishwa upya. Begi pekee linaweza kula nusu saa, na kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla, yaani saa 9 alasiri. Na ndege atakayopanda Songwe kwa kawaida ndiyo hiyohiyo iliyotoka Dar asubuhi. Ikichelewa kule, naye anachelewa. Masika mawingu hushuka chini, rubani akishindwa kuiona njia ya kutua anazunguka au anarudi.

Dira_na_Ramani
Naungana naye. Mwekee ndege ya siku moja kabla, au badilisha ziwe tiketi moja, begi liandikwe hadi mwisho wa safari. Na kutoka Mbeya mjini hadi Songwe ni km 25 hivi, ila tenga saa nzima: lori moja likikwama mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, foleni haisogei.