Darubini ya kwanza kwa mtoto: hii inayokuza "mara 675" nichukue?

Mama_wa_Pongwe
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka 11, siku hizi umeme ukikatika tukikaa barazani ni maswali tu, ile nyota gani, na ile je, na mi zaidi ya Kilimia alichonionyesha marehemu babu sijui kitu. Nimemuahidi darubini. Nilipoenda Kariakoo kufunga mzigo niliona moja, boksi limeandikwa inakuza mara 675, lenzi ya mbele mm 60, ina miguu mitatu na aipisi (vile vilenzi vya kuchungulia) tatu ndani, wanataka laki mbili na nusu. Mtu mwingine ananishauri niagize kutoka nje ya nchi ile yenye kioo cha mm 130, haina miguu, unaweka juu ya meza, mpaka inifikie ni kama laki saba. Laki saba kwangu ni kujinyima kweli, so kabla sijatoa hela naomba msaada, hiyo ya 675 si ndo kali zaidi? Na aipisi ninunue ngapi?

fundi_lenzi
Dada usiichukue, fanya hesabu mwenyewe utaona. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo mpaka pale picha inapokusanyika) ugawe kwa fokasi ya aipisi. Hizo za mm 60 nyingi zina fokasi ya mm 900, wanakuwekea kaaipisi ka mm 4, hapo ni 225, halafu wanapachika lenzi ya Barlow (ya kuongeza ukuzaji wa aipisi) ya mara 3 ndo 675 yao hiyo. Lakini darubini inabeba kama mara 2 kwa kila milimita ya upana wake, kwa hiyo ya 60 mwisho ni 120, ukizidisha hapo unaona doa lenye giza linatetemeka basi. Mi nilianza na ya aina hiyo. Nilimtafuta Mshtarii, ile sayari kubwa, karibu saa nzima, nikampata, kugusa tu kifundo cha kufokasi stendi ikacheza akatoka kwenye duara, na hata usipoigusa dunia inazunguka, kwa ukuzaji mkubwa anakuhama ndani ya sekunde chache. Niliifungia kabatini, na mtoto naye atakata tamaa hivyo hivyo.

Kingine, kama ndani ya boksi kuna kilenzi cheusi cha kutazamia jua, kitupe siku hiyo hiyo. Kinapata moto kinapasuka jicho likiwa pale pale.

Upepo_wa_Kusi
Naongea kutoka Mombasa. Dadangu, kwa nini usianze na bainokula ya 10x50? Miezi minne inayomzunguka Mshtarii utaiona ukiegemeza mikono vizuri, Kilimia nacho badala ya nyota sita unahesabu makumi. Na ukinunua darubini ukatae zile zenye stendi ya ikweta (ile unayoelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga ili ifuate nyota) na kizito cha kubalansi. Huku kwetu digrii 4 au 5 kusini mhimili wake unalala karibu sambamba na ardhi, na nyota ya ncha ya kaskazini wanayolengea wenzetu wa Ulaya sisi hatuioni kabisa.

fundi_lenzi
Bainokula nzuri sikatai ila haimuonyeshi mtoto pete za sayari Zohali, na hizo pete ndo zitamfanya asilale. Ile ya 130 fokasi yake huwa mm 650, kwa kawaida inakuja na aipisi ya 25 na ya 10, yaani mara 26 na mara 65. Kwa 65 Zohali anakuwa kadogo kama punje ya mtama lakini pete unaziona zimemzunguka, mara ya kwanza nilidhani mtu kabandika picha kwenye lenzi nikaenda kuchungulia mbele ya bomba. Usinunue aipisi nyingine sasa hivi. Baadaye ongeza moja ya mm 6, inakupa mara 108, na kama unavaa miwani ulizia yenye nafasi ya jicho, yaani unaona hata jicho likiwa mbali kidogo, maana aipisi za kawaida za aina ya Plössl za mm 6 unabandika jicho kabisa.

Meza ya plastiki hapana. Iweke juu ya baraza ya sementi mkae mkekani.

Upepo_wa_Kusi
Hapo kwa pete umenishinda. Basi niongeze la pwani tu, unyevu. Aipisi yangu nzuri iliota kuvu ndani, nyuzi kama za buibui, haikusafishika. Ukimaliza usiku acha ikauke umande ndo ufunike, aipisi ziweke kwenye kopo la kufunga na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Mama_wa_Pongwe
Asanteni sana, Mungu awabariki. Baraza ninayo, vipakti dukani kwangu vimejaa. Naagiza ya 130, nitalipa kidogo kidogo. Usiku wa kwanza nimuonyeshe nini, mwezi mpevu utafaa?

fundi_lenzi
Mpevu unaumiza macho na hauna vivuli. Subiri ukiwa nusu, elekeza pale mwanga unapokutana na giza, mashimo yanaonekana kama umeyachora kwa kidole kwenye unga. Anza na aipisi ya 25.