Mwenye shamba wa Mathayo 20: alitenda haki au aliwaonea wa alfajiri?

Kalamu_ya_Mwanzi
Wakuu, naomba tujadili hili bila kulipamba. Mathayo 20:1-16. Mwenye shamba la mizabibu anachukua vibarua alfajiri, wanapatana dinari moja. Anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, na mara ya mwisho saa kumi na moja. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, tunahesabu kama walivyohesabu wao: saa kumi na moja jua linaelekea kuzama, imebaki saa moja. Jioni wote wanapokea dinari moja. Aliyechomwa na jua mchana kutwa na aliyeingia jioni, sawasawa.

Hii ni haki? Msiniambie "ni mambo ya mbinguni tu", maana mfano una nguvu kwa sababu msikilizaji anaijua kazi ya kibarua. Na tazameni malipo yalivyopangwa: msimamizi anaagizwa aanze na wa mwisho. Angeanza na wa alfajiri, wangechukua chao wakaenda zao bila neno. Alitaka waone. Kwa nini?

Jembe_Butu
Si haki, na tusizunguke mbuyu. Kesho yake nani atakwenda sokoni alfajiri? Wote watajitokeza saa kumi na moja.

Hesabu_Safi
Ndugu Jembe, piga hesabu kwanza. Dinari ndiyo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata katika Tobiti, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 5, anayeajiriwa kumsindikiza Tobia safarini anaahidiwa drakma moja kwa siku, thamani inayokaribiana nayo. Dinari moja ni asarioni 16. Gawa kwa saa 12: wa mwisho anastahili asarioni moja na theluthi. Sasa fungua Mathayo 10:29. Shomoro wawili kwa asarioni moja. Biblia ya Union inaandika "senti". Kwa haki yako ya saa, mtu huyu anarudi kwa wanawe na pesa ya shomoro wawili na chenji kidogo.

Wala hakuwa mvivu. Aliulizwa mbona wamesimama mchana kutwa, wakajibu hakuna aliyewaajiri. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake unautumainia ujira ule.

Jembe_Butu
Aya hiyo inahusu kulipwa kwa wakati. Haisemi kiasi. Usiilazimishe ibebe usichokikuta humo.

Taa_ya_Kibatari
Mnasoma kwa ukali usio na sababu. Maneno ya Yesu mengi yanatisha mpaka ujue mila za wakati ule. Chukua ngamia na tundu la sindano, sura moja tu kabla ya hii: ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Tundu hilo lilikuwa lango dogo la Yerusalemu. Ngamia anatuliwa mizigo, anapiga magoti, anapita. Tajiri naye anyenyekee, apunguze mzigo, ataingia. Hata hawa vibarua watakuwa na maelezo ya namna hiyo.

Fundi_Herufi
Lango hilo halikuwapo. Samahani, lakini hapa siwezi kunyamaza.

Hakuna mwandishi wa karne ya kwanza anayelitaja. Maelezo hayo yamo katika mkusanyo wa mwanatheolojia Thomas wa Akwino, wa maelezo ya Injili, karne ya 13, akiyataja kwa jina la Anselm. Kuta za mji wa kale zinazoonekana leo zilijengwa na Sultani Suleiman wa Waothmani katika karne ya 16, kwa hiyo mlango mdogo wowote utakaoonyeshwa humo haukumwona Yesu.

Kisha soma aya inayofuata. Wanafunzi wanashangaa mno na kuuliza, "Ni nani basi awezaye kuokoka?" Kwa mlango wa kupiga magoti wangeshangaa nini? Naye anawajibu kwamba kwa wanadamu hilo haliwezekani. Hakusema ni gumu.

Taa_ya_Kibatari
Kwa hiyo wachungaji wote wanaofundisha hivyo ni waongo, wewe peke yako ndiye uliyesoma? Heshima kidogo, ndugu. Watu wameokoka kwa fundisho hilo.

Fundi_Herufi
Sikumwita mtu mwongo. Anayerudia alichopokea kwa nia njema hajasema uongo. Ila akishaonyeshwa, akaendelea kukifundisha kama historia, hapo ana swali la kujibu.

Mwana_Kamba
Mbona hamtaji kamba? Kwa Kigiriki ngamia ni "kamelos", kamba nene ya meli ni "kamilos". Kufikia zama za wanakili wengi herufi hizo mbili zilitamkwa sawa, na hati chache zina "kamilos". Askofu Kirilo wa Aleksandria alishika tafsiri hiyo katika karne ya 5.

Fundi_Herufi
Ni kweli, lakini hati hizo ni chache na za baadaye. Halafu jaribu: kamba ya meli nayo haipiti tundu la sindano. Umebadilisha kitu, hukupunguza ugumu. Ninyi mna hamu ya kumpunguza ngamia, sijaona anayetaka kumpunguza tajiri.

Bint_Juzuu
Wenzangu, nasi tunaye huyo ngamia. Kurani, sura ya Al-Aaraf aya ya 40: wanaozikadhibisha aya hawataingia Peponi mpaka ngamia apenye tundu la sindano. Na mjadala wenu wa kamba tunao vilevile: kuna kisomo kinachonasibishwa kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, "jummal" badala ya "jamal", yaani kamba nene. Lakini kisomo mashuhuri ni ngamia, na maana yake kwetu haina utata: jambo lisilokuwa.

Hesabu_Safi
Ahsante dada. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nayo ina tembo apitaye tundu la sindano, Berakhot 55b, ikitaja kitu ambacho mtu haoteshwi hata ndotoni. Mnyama mkubwa, tundu dogo.

Mwana_Kamba
Na Luka, kwa kuwa alikuwa daktari, ametumia sindano ya daktari. Hilo linathibitisha ni sindano halisi.

Fundi_Herufi
Polepole. Mathayo na Marko wana "rhaphis", Luka 18:25 ana "belone". Kweli Wakolosai 4:14 inamwita Luka tabibu, lakini "belone" ilitumika pia kwa sindano ya kawaida. Usijenge udaktari juu ya neno hilo. Inatosha kwamba yote mawili ni sindano.

Taa_ya_Kibatari
Sawa, tuseme lango halikuwapo. Fundisho la unyenyekevu limeharibika wapi? Tajiri akinyenyekea kuna ubaya gani?

Fundi_Herufi
Linaharibika hapa: tajiri wa sura ya 19 hakuambiwa apunguze mizigo. Aliambiwa auze alivyo navyo awape maskini. Lango linamwachia ngamia, linamwachia na mizigo ikimsubiri upande wa pili. Hadithi nzuri iliyotiwa ndani ya maandiko imemfanyia msikilizaji kazi ya kutoogopa.

Kalamu_ya_Mwanzi
Jamani, swali langu lilikuwa la vibarua.

Hesabu_Safi
Mkuu, hatujatoka mbali. Kigawanyo cha sura kimetuponza. Sura zinahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, Mathayo hakuziweka. Soma moja kwa moja: tajiri anaondoka kwa huzuni, anakuja ngamia, kisha Petro, 19:27: sisi tumeacha vyote, "tutapata nini basi?" Mfano wa vibarua unamjibu Petro. Ndiyo maana 19:30 na 20:16 zinafunga mfano huo huku na huku kwa neno lilelile, wa kwanza kuwa wa mwisho. Petro ndiye kibarua wa alfajiri. Wa mwisho analipwa kwanza ili Petro awepo aone.

Bint_Juzuu
Na lile jicho? Wa alfajiri walinung'unika, na mwenye shamba anamuuliza mmoja wao kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Ni husuda ya kumdhuru mtu kwa kumtazama?

Fundi_Herufi
Hapana dada, ni lugha ya Torati. Kumbukumbu la Torati 15:9, jicho ovu ni la yule anayemnyima maskini kwa sababu mwaka wa maachilio, wa kusamehe madeni, umekaribia. Mithali 28:22 pia. Uchoyo na kinyongo. Kiswahili kina neno lake kamili: kijicho.

Tazama na neno "rafiki" analomwita kibarua mnung'unikaji. Kwa Kigiriki ni "hetaire", na Mathayo analitumia kumwita mtu mara tatu tu kwa namna hii: hapa, kwa mgeni asiye na vazi la arusi (22:12), na kwa Yuda bustanini (26:50). Mara zote tatu anayeitwa hivyo amekosea naye hajui, au anajua na amenyamaza. Si neno la kukumbatia.

Taa_ya_Kibatari
Hilo la "rafiki" sikulijua. Nitazisoma zote tatu. La lango bado linanisumbua, sitakuficha.

Jembe_Butu
Mmezunguka dunia nzima na swali langu liko palepale. Kesho yake sokoni alfajiri patakuwa patupu.

Hesabu_Safi
Angalia ahadi walizopewa. Wa alfajiri: dinari, wamepatana. Wa saa tatu: "iliyo haki nitawapa". Wa saa kumi na moja, katika hati za kale kama Sinaiticus na Vaticanus, hawakuahidiwa chochote. Wameambiwa waende shambani, basi. Maneno ya kuwaahidi yako katika hati za baadaye. Atakayekwenda sokoni saa kumi na moja makusudi hajui kama mwenye shamba atapita tena, wala kama atalipwa, na watoto wanasubiri chakula. Jembe, wewe ungemshauri nani afanye hivyo?