Tupeane uzoefu: puli (akiba) ya koneksheni za kanzidata kwenye mfumo wa Java, wewe ilikukamata wapi?

Habari za jioni wakuu. Niko Kinondoni, nasimamia mfumo wa ada wa shule moja binafsi. Umeandikwa kwa Java, unakaa kwenye Tomcat, yaani seva ya programu za Java, na kanzidata ni PostgreSQL. Miaka miwili yote kila ombi la mzazi lilikuwa likifungua koneksheni yake kwa DriverManager, njia ya Java isiyo na puli, likimaliza linaifunga. Siku za kawaida hakuna aliyelalamika. Shule zilipofunguliwa Januari, wazazi wakaingia kwa mkupuo kuanzia saa mbili asubuhi, ukurasa ukawa unazunguka tu. Kusoma salio la mtoto hakukuwa na uzito wowote. Kilichokula muda ni kufungua mlango: seva zisalimiane, jina na nywila vikaguliwe, halafu PostgreSQL ianzishe mchakato mpya kwa ajili ya mtu mmoja na kuuzima baada ya muda mfupi.

Wiki hii nimehamia HikariCP, maktaba ya Java inayotunza puli. Koneksheni zinakaa wazi tayari, ombi linaazima moja, likimaliza linairudisha. Kasi imepanda, nimefurahi sana. Ila jana mchana logi, yaani kumbukumbu za mfumo, imeonyesha maombi yaliyosubiri koneksheni milisekunde 30000 hadi yakakatwa. maximumPoolSize, kikomo cha koneksheni ndani ya puli, nimeiacha kwenye 10 iliyokuja nayo. Niipandishe hadi 100? Mliopita njia hii naomba mnieleze.

Mdau wa Tabata

Mkuu, 100 usiweke. PostgreSQL yenyewe inakuja na max_connections 100, yaani kikomo cha koneksheni zote, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu. Sisi tuliweka 30 kwa kila nakala ya programu, nakala zikiwa tatu. Jumla 90, tukaona tuko salama. Siku ya kupandisha toleo jipya nakala ya nne ikawaka kabla ya ya kwanza haijazimwa, kanzidata ikaanza kukataa wageni. Kilichoniuma ni kwamba hata mimi niliyetaka kuingia kuangalia tatizo nilikataliwa, kwa sababu nilikuwa natumia akaunti ya kawaida. Tangu hapo nazidisha puli kwa nakala zote, pamoja na ile inayozaliwa wakati wa kupandisha toleo, halafu nabakiza nafasi za watu.

Kwa ukubwa wa puli, mwongozo wa HikariCP unatoa kianzio kilichotoka kwa watu wa PostgreSQL: viini vya prosesa ya seva ya kanzidata mara 2, ujumlishe idadi ya diski. Seva ya viini 4 na diski moja inakupa 9. Anzia hapo, pima, ndipo uongeze.

Mdau wa Mikocheni

Naunga mkono. Kabla hujagusa hiyo 10, tafuta nani anashika koneksheni bila kuifanyia kazi. Kwetu ilikuwa tiketi za mabasi ya mikoani. Mteja akibonyeza kulipa, msimbo ulifungua muamala wa kanzidata (kazi zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote), ukaandika tiketi, halafu ndani ya muamala huohuo ukaita mfumo wa malipo ya simu umtumie mteja ombi la namba ya siri, ukakaa kusubiri jibu. Sasa fikiria mteja yuko kwenye daladala amebanwa, simu iko mfukoni. Sekunde 20, sekunde 40. Koneksheni imeshikwa muda wote huo na kanzidata haijaulizwa kitu. Wateja kumi wakiwa wanatafuta simu zao, puli imekwisha, na wa kumi na moja anayetaka kuona ratiba ya Dodoma tu naye anakwama.

Jioni ile ya Ijumaa tuliitazama seva ya kanzidata, prosesa imetulia kabisa, huku wateja wanapiga simu wakilalamika. Hapo ndipo nilielewa. Tuliukata muamala vipande viwili: andika tiketi kwa hali ya kusubiri, funga, rudisha koneksheni, ndipo uite malipo. Jibu likija, fungua muamala mwingine mfupi. Puli ileile ya 10 ikatosha, mpaka leo.

Mdau wa Kariakoo

Yangu ni ya MySQL, kanzidata nyingine. Kila siku mtu wa kwanza kufungua mfumo asubuhi alipata kosa, akijaribu tena unakubali. Binti wa mapokezi alishazoea, ananiambia "kaka, wa kwanza huwa haukubali". Puli nilikuwa nimejiandikia mwenyewe, orodha tu ya koneksheni, bila kukagua kama zingali hai. MySQL hukata koneksheni iliyokaa kimya sekunde 28800, yaani saa nane, na duka hufungwa zaidi ya hapo. HikariCP hustaafisha koneksheni baada ya dakika 30 na hukagua uhai kabla ya kukuazima. Msijiandikie puli, ndugu zangu.

Mdau wa Ubungo

Kwa wanaotumia puli ya kawaida ya Tomcat (DBCP) kupitia faili la mpangilio context.xml: tangu Tomcat 8, maxActive (kikomo cha koneksheni) imekuwa maxTotal, na maxWait (muda wa kusubiri) imekuwa maxWaitMillis. Nilinakili mpangilio wa zamani, 50 yangu haikusomwa, nikabaki na 8 bila kujua.

Mdau wa Mbezi

Mwanzisha mada, weka leakDetectionThreshold 5000. Koneksheni ikikaa nje ya puli zaidi ya sekunde 5, logi itakupa onyo na mstari wa msimbo ulioiazima. Na kila getConnection, amri ya kuazima koneksheni, iingie ndani ya mabano ya try, njia iliyopo tangu Java 7, ili hata kosa likitokea katikati irudi yenyewe.

Mwanzisha mada

Nawashukuru kwa dhati. Nimeiweka leakDetectionThreshold jana usiku, na leo saa nne asubuhi onyo limetoka: ripoti ya mhasibu. Inaazima koneksheni, inasoma wanafunzi wa shule nzima, inachora PDF ukurasa kwa ukurasa, ndipo inairudisha. PDF ikigoma katikati, hairudishi kabisa. Nimeipanga isome kwanza, irudishe, kisha ichore. Nimeacha 10. Sasa hivi mhasibu anapakua ripoti ya kidato cha pili, nami natazama logi: zilizoshikwa ni 2, hakuna anayesubiri.