Mrejesho: lile tanki langu refu la samaki, Mtwara

Wakuu nimerudi, ndo mimi niliyeuliza niweke samaki na mapambo gani kwenye tanki la sebuleni lenye kimo cha sentimita 60. Yale matumbawe niliyookota ufukweni Shangani nimeyatoa yote, mlisema kweli, yana chokaa inayofanya maji kuwa magumu na anjelifishi, wale samaki bapa wenye mapezi marefu, kwao ni mto Amazon, maji laini. Nimesimamisha gogo kavu nililolichemsha, nyuma majani marefu, yani anjeli wanne wanapita katikati taratibu mpaka raha, hapo ndo nimeelewa kwa nini wanataka kimo. Chini korido sita, wale samaki wadogo wanaotafuta chakula chini, mchanga laini wasiumie sharubu. Neoni, wale samaki wadogo wa rangi, nimeacha, anjeli akikua anawameza. Pampu ya hewa haizimwi, tanki refu uso wa maji mdogo, hewa inayoingia yenyewe ni kidogo. Asanteni sana jamani!