Vita ya Pili ya Dunia ilianza lini hasa? Mi hii 1939 naona haitoshi

MDADISI_WA_ZAMANI
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu naomba tulijadili kwa hoja. Shuleni wote tulikariri kwamba Vita ya Pili ilianza tarehe 1 Septemba 1939 Hitler alipoivamia Poland, siku mbili baadae Uingereza na Ufaransa wakatangaza vita, basi imeisha hiyo. Sasa ukiangalia siku hiyo Wachina walikuwa wanapigana na Wajapani mwaka wa tatu ule, Shanghai imeshabomolewa, Nanjing imeshaanguka tangu Desemba 1937 na raia wamechinjwa maelfu kwa maelfu. Addis Ababa nayo ilikuwa mikononi mwa Waitalia tangu Mei 1936. Hao walikuwa wanapigana vita gani? Au vita inakuwa ya dunia mpaka London na Paris waingie? Alafu chanzo chenyewe ni nini, Versailles, uchumi, au ni Hitler tu na tamaa zake? Karibuni.

mzizi wa fitina
Mkuu chanzo na siku ya kuanza ni vitu viwili tofauti tusivichanganye. Chanzo mi nakiweka tarehe 28 Juni 1919, siku Ujerumani iliposainishwa Mkataba wa Versailles, uliomaliza Vita ya Kwanza. Kifungu cha 231 kikawatwisha wao na washirika wao hasara yote ya vita, jeshi likapunguzwa mpaka watu 100,000, ndege za kivita marufuku, na 1921 ikaja bili ya fidia ya marks za dhahabu bilioni 132. Taifa zima limekaa na kinyongo miaka ishirini, hapo unategemea nini? Hitler kila jukwaa alilopanda alikuwa anagusa kidonda hicho hicho.

Binti Historia
Kaka hapo juu nakuheshimu ila hiyo hoja ya Versailles inarudiwa sana kuliko uzito wake. Uchaguzi wa Mei 1928, miaka tisa baada ya mkataba, chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kinyongo kilikuwepo, kifungu cha 231 kilikuwepo, ila watu walikuwa na kazi. Ikaja 1929 soko la hisa la New York likaanguka, mikopo ya Marekani iliyokuwa inaendesha uchumi wa Ujerumani ikakauka, mwanzoni mwa 1932 wasio na ajira ni kama milioni 6 na Julai ya mwaka huo Nazi wakapata asilimia 37.3. Fidia yenyewe ilishafutwa kivitendo kwenye mkutano wa Lausanne 1932, yaani Hitler anakabidhiwa ukansela Januari 1933 deni halipo tena. Na nusu ya kura hakuwahi kufika katika uchaguzi huru, aliingizwa ofisini na wanasiasa waliomzunguka rais Hindenburg wakidhani watamshika.

Alafu kitu ambacho watu wa Versailles hawakijibu ni hiki, Italia na Japani walikaa upande wa WASHINDI 1919. Hao nao walidhalilishwa na mkataba gani?

mlinzi_wa_reli
Dada umemaliza. Mi nakwenda nyuma zaidi, 18 Septemba 1931 karibu na Mukden kule Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Maofisa wa jeshi la Kwantung, Wajapani wenyewe, walitega baruti usiku kwenye reli inayomilikiwa na Japani, mlipuko ukawa mdogo kiasi kwamba treni ilipita hapo muda mfupi baadae bila kuanguka, lakini wakadai ni Wachina na usiku ule ule wakaanza kushambulia. Serikali ya Tokyo haikutoa oda hiyo! Wanajeshi waliamua wenyewe na serikali ikafuata nyuma ikibariki. Ndani ya miezi mitano Manchuria yote imekwenda.

Februari 1933 Shirikisho la Mataifa (League of Nations, lililotangulia UN) likapitisha ripoti ya kuilaumu Japani kwa kura 42 dhidi ya moja, ya Japani mwenyewe. Mjumbe wao Matsuoka akainuka na ujumbe wake wakatoka ukumbini, na hakuna aliyewafanya chochote. Mussolini wa Italia na Hitler walikuwa wanaangalia. China tangu 2017 vitabu vyao vya shule vinafundisha vita ya miaka 14, 1931 mpaka 1945, zamani walikuwa wanaandika miaka minane.

Mwana wa Adowa
Nimesoma yote nimekaa kimya ila hapa lazima niseme. Kwangu vita hii ilianza tarehe 3 Oktoba 1935, majeshi ya Italia yalipovuka mto Mareb kutoka Eritrea kuingia Ethiopia bila hata kutangaza vita.

Angalieni hali ilivyokuwa kabla. Julai 1934 Wanazi wa Austria walimuua kansela wao Dollfuss wakijaribu kupindua nchi, na aliyepeleka askari Brenner, mpakani mwa Italia na Austria, kumtisha Hitler alikuwa Mussolini! Aprili 1935 Italia, Uingereza na Ufaransa wamekaa Stresa wanakubaliana kumdhibiti Mjerumani. Kwa hiyo huyo wa Roma alikuwa adui wa Hitler, sio mwenzake. Ethiopia ndo ilibadilisha kila kitu.

Shirikisho la Mataifa lilikiri kabisa Italia ni mvamizi, likaweka vikwazo Novemba 1935: silaha marufuku, mikopo marufuku, bidhaa za Italia zisinunuliwe. Kilichoachwa ni mafuta. Petroli ya vifaru na ndege zilizokuwa zinamwaga gesi ya sumu juu ya wanavijiji haikuguswa. Na Mfereji wa Suez haukufungwa, Waingereza wana jeshi Misri pale pale, wanaona meli zimejaa askari wa Italia zinalipa ushuru na kupita kwenda Massawa, bandari ya Eritrea. Desemba Hoare, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, wakakaa Paris kupanga kimya kimya Mussolini apewe kipande kikubwa cha nchi ya watu, magazeti yakafichua, Hoare akajiuzulu.

Sasa wakati hao wanavutana na Italia, 7 Machi 1936 Hitler akaingiza askari Rhineland, eneo la Ujerumani jirani na Ufaransa lililokatazwa kuwa na jeshi, kinyume na mkataba na hakuna aliyenyanyua mkono. Tarehe 30 Juni Haile Selassie anasimama mbele ya Shirikisho kule Geneva kueleza watu wake walivyokufa kwa gesi, waandishi wa Italia wanampigia miluzi, na Julai vikwazo vikaondolewa. Mpaka vuli ya mwaka ule Roma na Berlin ni marafiki, na Hitler alipoimeza Austria Machi 1938 hapakuwa na askari wa Mussolini pale Brenner. Kwa hiyo mtu akiniambia Ethiopia ilikuwa vita ndogo ya kikoloni pembeni mi simwelewi kabisa, mfalme yule alirudi Addis Ababa 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji uanguke, na waliomrudisha ni pamoja na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka huku kwetu. Vita ni ile ile, adui ni yule yule.

kalamu_nyekundu
Mkuu imenigusa sana hiyo, ila nipinge kidogo. Mi naona zilikuwa vita kadhaa zilizokuja kuungana. Agosti 1939 Zhukov, jenerali wa Urusi ya Kisovieti, anawasaga Wajapani kule Khalkhin Gol mpakani mwa Mongolia, siku hizo hizo, tarehe 23, Stalin anasaini na Hitler mkataba wa kutoshambuliana. Septemba 15 Moscow na Tokyo wanakubaliana kusitisha mapigano, Septemba 17 Warusi wanaingia Poland kutokea mashariki. Japani ikageukia kusini, Marekani ikawakatia mafuta 1941, ndo Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor. China yenyewe ilitangaza rasmi vita dhidi ya Japani na Ujerumani tarehe 9 Desemba 1941. Kwa hiyo vita ya DUNIA kwangu ni Desemba 1941, kabla ya hapo ni mito inayoelekea bahari moja.

Na la mafuta, Marekani hakuwa mwanachama wa Shirikisho, hata wangeweka kikwazo Mussolini angenunua kwake.

Mwana wa Adowa
Angenunua sawa, ila yangepita wapi? Petroli ya Marekani ikifika Italia bado inabidi ivuke Suez ndo ifike Massawa, au izunguke Afrika nzima. Na kuhusu kikwazo chenyewe Paul Schmidt aliyekuwa mkalimani wa Hitler aliandika kwamba Mussolini alikiri mwenyewe kwa Hitler pale Munich 1938, kama Shirikisho lingegusa mafuta angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.