Nintendo: ni akili ama ni ubahili? Tupeane uzoefu

Msee wa Thika Road
Wasee, leo tuache hii vita ya kila siku ya mashine za gemu za PlayStation (PS) na Xbox tuongelee Nintendo. Hawa Wajapani wa Kyoto walianza 1889 wakitengeneza karata, na hata kwa magemu hawana haraka ya kushinda wengine nguvu, wanachukua teknolojia ishazoeleka na ishashuka bei halafu wanaitafutia kazi yenye hakuna mtu alikuwa amefikiria. Hiyo ilikuwa falsafa ya Gunpei Yokoi, yule wa Game Boy, ile gemu ya mkononi ya 1989. Skrini haikuwa na rangi, ni kijani kijani tu, lakini betri nne ndogo zinakupeleka zaidi ya masaa kumi, na Game Gear ya wapinzani wao Sega yenye rangi safi inameza betri sita kwa masaa kama manne hivi. Na Game Boy ndio iliuza zaidi.

Mimi niko na Switch ya kwanza, ile mashine yao ya 2017 ya kubeba mkononi ama kuunganisha na tivii. Nachezea kwa mat nikitoka job, jam ikishika pale Muthaiga hata sina haja ya kukasirika, ila dirisha nafunga kwanza, hiyo mnaelewa. Sasa wewe ulishawahi kuwa na kitu ya Nintendo, hata feki? Ulionaje? Ama wanatuuzia vya jana kwa bei ya leo?

Mtoto wa Kayole
Feki ndio ilitulea bana. Ile TV game ya katriji za manjano ilikuwa kopi ya Famicom, mashine yao ya 1983, na sisi hata jina Nintendo hatukuwa tunalijua. Jirani alikuwa na tivii ya Great Wall nyeusi na nyeupe inawaka na betri ya gari, tunajazana watoto wote wa ploti, mmoja anashika eriel. Kulikuwa na bunduki ya kupiga bata. Kuna jamaa mkubwa alikuwa anaweka mdomo wa bunduki kabisa kwa kioo na hakosi hata bata mmoja, tukawa tunasema anaiba. Nilikuja kusoma vile inafanya kazi, kumbe bunduki haitoi kitu chochote, ndani iko na jicho la mwanga, ukifyatua skrini inaingia giza kidogo sana halafu pale bata yuko panakuwa peupe, jicho likiona ule weupe bata ameenda. Kwa hizi tivii flati picha inachelewa kidogo, ndio maana haiwezi. Sasa mtu amefikiria hivyo na mashine dhaifu namna hiyo, usiniambie ati ni ubahili.

Mama Wawili, Buruburu
Mimi sio mtu wa magemu, ni watoto. Shemeji alitoka Uingereza na Wii ya mtumba, ile mashine ya Nintendo unacheza kwa kupunga kontrola, tukaiweka sebuleni, na mwenye aliipenda kuliko wote ni shosho wao, bowling hiyo anarusha mkono akiwa amekaa kwa kiti na anawashinda. Kontrola ya PS hawezi, anasema vidude ni vingi. Siku moja panya akakata waya wa ule mwamba mdogo (sensor bar) unakaa juu ya tivii, mkono ukaacha kuonekana kwa skrini. Kijana wangu mkubwa akaleta mishumaa miwili, akaiwasha, akaiweka huku na huku mwa tivii, na ikafanya! Ati ule mwamba ni taa za infraredi tu za kuonyesha kontrola mahali tivii iko, hauna akili yoyote ndani. Mishumaa kwa hii nyumba haikosekani, stima mnaijua. Pazia tu ndio nilitoa.

Mwenye Kibanda, Pipeline
Hizo ni hadithi tamu lakini mimi naangalia biashara. Hapa kwa kibanda changu cha magemu hakuna mtu ashawahi kuniuliza Mario, ni mpira na mpira, mtu analipa kwa mechi na mshindi anabaki. Na kwa mpira Nintendo walibaki nyuma kabisa. FIFA 20 mpaka FIFA 23 za Switch ziliitwa Legacy Edition, yaani gemu ni ile ile, umebadilishiwa wachezaji na jezi. Mteja wangu akiona hivyo anahama. Gemu zao za wenyewe nazo hazishuki bei hata zikae miaka, PS nangoja ofa napata kwa nusu.

Msee wa Thika Road
Buda hiyo ya bei iko na upande wa pili, si ndio maana nikimaliza nauza kadi karibu na vile niliinunua? Na kadi za Switch hazina mambo ya nchi, karibu zote zinaingia. Kwa mpira nakubali umenishika.

Fundi wa Luthuli
Wote mmesahau vijiti vya kontrola. Ile drifti ya Joy-Con, yaani kontrola ndogo za Switch, mtu wako anatembea mwenyewe na hujamgusa, si uvumi, rais wao Furukawa aliomba msamaha mwaka wa 2020. Chanzo: chini ya kijiti kuna kipande kinasugua njia ya kaboni, kaboni ikiisha kinasoma uongo. PS na Xbox pia ni hivyo hivyo, za Joy-Con tu ni nyembamba zaidi. Dawa ni vijiti vya sumaku ambavyo havisuguani, na Switch 2 imetoka Juni 2025 kwa dola 449.99 bado bila hivyo vya sumaku. Hapo mimi naita ubahili, na wakati huo huo wamekuja na kadi zenye gemu haiko ndani, ni ruhusa tu, unaiweka halafu unashusha kila kitu kwa bando lako.

Mtoto wa Kayole
Hiyo ya kadi tupu ni dharau, nimenyamaza.

Mama Wawili, Buruburu
Sasa fundi, binamu yangu yuko Japani na anasema huko Switch 2 ni rahisi, ilitoka 2025 kwa yen 49,980. Alete?

Fundi wa Luthuli
Hapana mama. Hiyo ya bei hiyo ni ya Kijapani peke yake, menyu zote Kijapani na akaunti lazima iwe ya huko. Mwambie aulize ile ya lugha zote, bei itapanda lakini shosho ataweza kusoma.