Kitu gani mlirudi nacho safarini na hadi leo hamwezi kukitupa?

MamaWawili_Nkuhungu:
Wadau habari zenu. Mwisho wa mwezi nahama Nkuhungu naenda Ilazo, hapahapa Dodoma, nyumba imejaa makorokoro na mzee wa nyumba kashasema vya zamani vyote vitoke. Nimekubali, kasoro kikapu kimoja cha milulu, yale majani ya kusukia vikapu. Tulikinunua Iringa mimi na marehemu mama, tulienda kumpeleka mdogo wangu shule, wakati wa kurudi mama akaona bibi mmoja amepanga vikapu barabarani basi wakaanza kuvutana bei, mama Kiswahili chake kina Kigogo ndani na bibi chake kina Kihehe, hapo basi linapiga honi na mi nimeshika mizigo, mwisho bibi akacheka akamwongezea na kifuniko bure. Mama alikifanya cha sindano na vifungo mpaka anafariki. Sasa mdomo umeanza kufumuka alafu chini kinaacha unga unga kama kuna mdudu anatoboa. Nyie mna nini mlichorudi nacho, na mnatunzaje?

FundiMkeka:
Pole na mama, dada. Huo unga ni mdudu kweli. Kifunge na nailoni kisiingie hewa, kitie kwenye friza inayogandisha vizuri hata wiki mbili, watakufa, ukikitoa usifungue nailoni mpaka baridi iishe. Usikianike jua la hapa kutwa nzima, milulu ikikauka sana inakatika. Na kabla ya kushona huo mdomo ulowanishe kidogo na kitambaa ulainike, ukiikunja mikavu ndo unaimaliza kabisa.

Mtoto_wa_Reli:
Mi nna chupa tupu ya soda imezibwa na gunzi la mahindi. Nilikuwa darasa la nne, tunaenda Kigoma na baba kwa shangazi, treni ya kati ile inayolala njiani. Stesheni ya Saranda tulikula kuku dirishani, asubuhi tuko pande za Tabora treni imeshaanza kuondoka kijana anakimbia pembeni na chupa ya asali, baba akapokea chupa kwanza alafu hela ikamgomea kutoka mfukoni, yule kijana anakimbia tu na treni inachanganya, baba akavua kofia akaweka noti ndani akamrushia na kofia yake. Alikaa kichwa wazi mpaka Ujiji na hakujuta hata kidogo, alisema mtu aliyekuamini akiwa anakimbia humdhulumu. Asali iliisha mwaka huohuo. Gunzi limekuwa jeusi ila ukilinusa karibu kabisa bado kuna kitu. Sasa hivi tuna SGR, treni ya umeme, tangu 2024, unatoka Dar asubuhi na mchana uko Dodoma umeshakula nyumbani, naipenda na naipanda, ila dirisha halifunguki na wanangu hawatamjua yule kijana.

Mgogo_Ughaibuni:
Mtoto wa Reli umeniliza. Mi niko Mbeya mwaka wa tisa, kwangu kuna ilimba ukutani, kile chombo cha muziki cha sisi Wagogo kinachopigwa kwa vidole gumba. Wengi wameijua kupitia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, mi niliichukua kwa mzee mmoja kijijini Chamwino nilipoenda msibani, nilimkuta anapiga peke yake nyuma ya nyumba. Ile mvumo unaousikia kama nyuki unatoka kwenye vitundu vya sandukuni, vinazibwa na utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaohifadhia mayai. Kwenye basi ukatoboka, nilipofika nikapiga ikatoa sauti kavu kama bati. Nikampigia simu mzee, akaniuliza "Huko kwenu hakuna buibui?" Tangu siku hiyo wife haruhusiwi kufagia kona ya stoo. Usikubali kukitoa hicho kikapu mama wawili, mweleweshe shemeji taratibu ataelewa.

Kondoa_Kwetu:
Kwangu ni picha tu. Mkienda Kolo, kwetu Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani (iko Urithi wa Dunia tangu 2006) tafadhali msiokote hata kijiwe, na msimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye simu. Watu wanafanya hivyo na inaniuma sana, ile rangi nyekundu imevumilia mvua za miaka mingi ije iishe kwa sababu ya chupa ya maji ya mtu. Nilimpeleka bibi yangu, alizaliwa karibu na hapo na hakuwahi kupanda. Kwenye picha kaipa kamera mgongo, anaangalia mwamba.

MamaWawili_Nkuhungu:
Asanteni jamani mmenipa nguvu. Nimemsomea mume wangu ile ya kofia, akanyamaza, alafu akaniuliza friza ya jirani ina nafasi? Jioni hii nimemwaga vilivyomo ili nikifunge. Chini kabisa, kwenye unga, nimekuta kifungo cha sare ya mdogo wangu, cha bluu, bado kina uzi.